Kufa na Pesa Mkononi: Ukame, Mbegu na Soko la Nafaka Ukambani

Mwaka 1984 mvua za masika zilikosekana Ukambani. Za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba 1983, zilikuwa zimenyesha kwa uchache, na ghala nyingi za Machakos na Kitui ziliingia mwezi wa Machi zikiwa karibu tupu. Watu walipanda hivyo hivyo. Wengine walipanda kwenye vumbi, kama ilivyo desturi ya huko, ili tone la kwanza liikute mbegu ardhini. Mvua kidogo ikanyesha, mahindi yakachipua, kisha jua likarudi na kukaa. Waliokuwa na akiba ya mbegu wakapanda tena. Wasiokuwa nayo wakabaki kutazama mashamba.

Wakamba huipa kila njaa jina, na kwa majina hayo wazee huhesabu miaka ya kuzaliwa na ya kufiwa. Njaa ya 1984 wengi waliiita Nikw'a Ngwete, nakufa huku nimeshika. Walichokuwa wameshika ni pesa. Mwalimu alikuwa na mshahara wake, mkulima wa kahawa kule Kangundo alikuwa amelipwa na chama cha ushirika, mama alikuwa na noti alizotumiwa na mumewe aliyeajiriwa Nairobi. Wote walikwenda dukani wakakuta rafu hazina unga.

Njaa za nchi kavu huandikwa kama historia ya mvua: msimu fulani haikunyesha, watu wakafa njaa, mvua ikarudi, wakapona. Mimi siiamini historia ya namna hiyo. Ukame unapiga mavuno ya msimu mmoja au miwili. Kama watu watakula mwaka unaofuata ni jambo linaloamuliwa na vitu vingine viwili: mbegu iliyobaki mkononi mwa mkulima, na soko linaloweza kumfikishia nafaka kutoka kulikovunwa. Ukambani ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu watu wa huko wamelipitia mara nyingi na wakahifadhi kumbukumbu ya kila mara.

Njaa kubwa wanayoikumbuka kuliko zote ni Ngomanisye, ya 1898 na 1899. Sotoka ilikuwa imeshafagia ng'ombe katika miaka ya 1890, nzige wakala kilichoota, misimu ikafuatana bila mvua, na ndui ikaja juu ya miili iliyokwisha dhoofu. Wakati huo huo reli kutoka Mombasa ilikuwa ikikatiza nchi na maelfu ya vibarua waliohitaji kula. Ilifika Nairobi 1899. Machakos ilikuwa kituo cha kampuni ya Waingereza tangu 1889, na kwa miaka kadhaa misafara ya kwenda Uganda ilikuwa ikinunua nafaka hapo. Nafaka ambayo zamani ingelala ghalani hadi mwaka mbaya ilikuwa na mnunuzi mlangoni. Ukame ulipokuja, akiba ilikuwa imeshapungua, na ng'ombe waliokuwa wakibadilishwa kwa chakula kwa majirani walikuwa wamekufa. Kuna familia zilizoweka mabinti rehani kwa Wakikuyu ili wapate kula. Mchele wa Bara Hindi, uliokuwa ukiletwa kwa ajili ya vibarua, ndio uliowafikia baadhi ya wenye njaa waliokimbilia vituo vya serikali na vya wamisionari.

Siku hizo chakula kikuu Ukambani kilikuwa mtama, uwele, mbaazi na kunde. Mtama una tabia ambayo mahindi hayana. Jua linapozidi, hukunja majani na kusimama, hauongezeki wala haufi, na mvua ikirudi huendelea pale ulipoishia. Mahindi hayajui kusubiri. Lakini mtama una adui angani: kwelea na ndege wengine hushuka makundi kwa makundi, na lazima mtu akae shambani kutwa nzima akiwafukuza. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Shule zilipofunguliwa na watoto wakaenda kusoma, mtama ukakosa walinzi. Hindi hujifunika lenyewe kwa maganda yake, hukobolewa kirahisi likawa muthokoi, hupata bei sokoni. Katika karne ya ishirini mahindi yakaushinda mtama hata katika sehemu ambazo kwa haki hayakustahili kupandwa. Nimesikia wataalamu wakiwalaumu wakulima kwa uamuzi huo. Lawama hiyo haina haki, kwa kuwa mkulima alihesabu mikono aliyo nayo, karo ya shule na bei ya sokoni, akachagua.

Mwenye mashamba makavu alijikinga kwa mifugo. Mwaka mwema nafaka ya ziada iligeuzwa mbuzi na ng'ombe, mwaka mbaya ng'ombe akageuzwa nafaka. Ndiyo maana 1938, serikali ya kikoloni ilipoamua kupunguza mifugo ya Machakos kwa lazima kwa hoja ya kuokoa udongo, na ng'ombe wakanadiwa kwa bei ya chini na kuishia kwenye kiwanda cha nyama cha Athi River, watu waliona ghala zao zinabomolewa. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu kwenda Nairobi kwa miguu kumwona Gavana. Serikali ilirudi nyuma katika jambo la mifugo, lakini Muindi mwenyewe ikamkamata na kumpeleka uhamishoni Lamu.

Miaka minne baadaye vita vya dunia vilileta kitu ambacho kingedumu nusu karne. Mwaka 1942 serikali ilianzisha udhibiti wa mahindi: bei ikapangwa na ofisi, mnunuzi akawa mmoja, na kuhamisha nafaka kutoka wilaya moja hadi nyingine kukahitaji kibali. Mlowezi alilipwa zaidi ya Mwafrika kwa gunia lile lile. Ukame wa 1942 na 1943 ukaja juu ya utaratibu huo mchanga, na upungufu ukawa mkubwa hata tume ya uchunguzi ikaundwa 1943. Tume ilimaliza kazi yake, vita vikaisha, bendera ikabadilika 1963, vibali vikabaki.

Hapa ni lazima nieleze kibali kilimfanya nini mtu wa Kitui. Ukame wa Kenya mara nyingi haupigi nchi nzima kwa kipimo kimoja. Kitale na Trans Nzoia wanaweza kuvuna huku Mwingi hakuna hata bua. Njia nyepesi ya kusawazisha ni mfanyabiashara mwenye lori: ananunua kwenye wingi, anauza kwenye uhaba. Chini ya udhibiti, lori lililobeba zaidi ya magunia machache bila karatasi lilisimamishwa kizuizini. Karatasi iligharimu muda, au ilimgharimu mtu kitu kidogo cha kumpa afisa. Gharama hiyo iliingia katika bei ya mahindi, na aliyeilipa ni mnunuzi wa mwisho, ambaye ndiye maskini kuliko wote katika mnyororo ule.

Mwaka 1961 ulikuwa na mambo mawili kwa pamoja. Ukame uliotangulia uliacha watu na njaa, kisha mwishoni mwa mwaka mvua kubwa mno ikakata barabara, na chakula kikadondoshwa kwa ndege. Njaa hiyo inaitwa Ndeke, kwa sababu ya ndege hizo. Ile ya 1965 inaitwa Atta, kwa unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani. Upungufu wa 1965 ulizua kashfa, watu wakauliza mahindi yalikwenda wapi na nani alifaidika. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na Paul Ngei, waziri aliyehusika na masoko ya mazao na mwenyewe mwana wa Ukambani, alisimamishwa kazi wakati wa uchunguzi kabla ya kurudi barazani. Ripoti ilitoka 1966. Bodi ya mahindi, iliyokuwa mnunuzi yule mmoja, ikabaki na mamlaka yake.

Katika miaka hiyo hiyo, mbali na kelele za Nairobi, kazi ya aina nyingine ilikuwa ikifanyika kwenye kituo cha utafiti cha Katumani, nje kidogo ya mji wa Machakos. Kule Kitale, Michael Harrison na wenzake walikuwa wamepata mafanikio makubwa kwa kuchanganya mahindi ya Kenya na mahindi ya Ecuador. Chotara aliyeitwa H611 aliingia sokoni 1964, na kampuni ya mbegu iliyoanzishwa Kitale 1956, Kenya Seed, ikawa ikimfikisha madukani. Mahindi ya Kitale hukaa shambani miezi sita, pengine hadi minane. Katumani hupata takriban milimita 700 za mvua kwa mwaka, zikigawanyika misimu miwili, na kila msimu una wiki chache tu za mvua ya kutegemewa. Chotara wa Kitale akipandwa hapo huota vizuri, hurefuka, humfurahisha mwenye shamba, kisha hufa bila kuzaa.

Kwa nini hufa bila kuzaa? Hindi lina jinsia mbili katika mmea mmoja, zilizotengana. Juu kabisa kuna mbelewele zinazomwaga chavua. Katikati ya bua kuna hindi changa linalotoa ndevu, na kila unywele mmoja unakwenda kwenye punje moja. Chavua lazima itue kwenye unywele ndipo punje iwepo. Mmea ukikosa maji katika siku hizo, mbelewele humwaga chavua kwa wakati wake, lakini ndevu huchelewa kutoka. Chavua inapeperuka bila mpokeaji. Wiki mbili baadaye mvua inaweza kurudi, shamba likawa kijani, na mpita njia akasifu. Mkulima akimenya maganda anakuta gunzi lenye punje tano, kumi, au uchi kabisa. Ndiyo sababu ukame wa siku kumi wakati wa kuchanua ni mbaya kuliko ukame wa mwezi mzima mmea ukiwa mdogo.

Watafiti wa Katumani hawakutafuta mahindi yenye nguvu ya kustahimili jua. Walitafuta mahindi yanayowahi, yanayochanua na kujaza punje kabla mvua haijaondoka. Waliyoyapata, Katumani Composite B, yalitolewa kwa wakulima 1968, na hukomaa kwa miezi mitatu hivi. Mmea wake ni mfupi, hindi lake ni dogo, na mwaka wa mvua nyingi chotara hulishinda mbali. Lakini lina sifa moja ambayo kwangu ina uzito kuliko mavuno: siyo chotara. Mkulima akinunua paketi mara moja anaweza kuweka mbegu yake mwenyewe msimu baada ya msimu, wakati punje za chotara zikirudishwa shambani hushusha mavuno mara moja. Katika nchi ambayo msimu mmoja kati ya michache haurudishi hata gharama, mbegu isiyodai pesa taslimu kila Oktoba ni kinga yenyewe.

Utunzaji wake ni kazi ya wanawake, na ni kazi ya ustadi. Mahindi ya mbegu huchaguliwa wakati wa kuvuna: marefu, yaliyojaa hadi ncha, yenye maganda yaliyofunga vizuri. Maganda hayatolewi yote. Machache huachwa, yakafungwa mawili mawili na kutundikwa juu ya jiko, ambako moshi huyakausha na kufukuza wadudu. Baada ya miezi yanakuwa meusi kwa masizi. Siku ya kupukuchua, punje za ncha na za kitako huwekwa kando kwa kuliwa, na zile za katikati, zenye ukubwa sawa, ndizo mbegu. Kunde na mbaazi huchanganywa na majivu na kufungiwa chunguni. Mtoto wa nyumba hiyo hujua tangu mdogo kwamba kilichoko juu ya jiko hakiombwi.

Njaa ikizidi, kinaombwa. Na hapo ndipo ukame unapoingia mwaka wa pili. Familia iliyokula mbegu yake Agosti inaikuta mvua ya Oktoba mikono mitupu, na mvua njema ikamnyeshea asiye na cha kupanda. Kununua nako si rahisi, kwa kuwa kampuni huzalisha mbegu msimu mmoja kabla, katika mashamba yaliyotengwa ili chavua ya jirani isiingie, na mwaka ambao watu wote wanahitaji mbegu ni ule ule ambao mashamba hayo nayo yamepigwa. Mahindi ya msaada hayafai badala yake. Yale ya Marekani ni chotara waliozoea siku ndefu za kiangazi cha kaskazini. Yakipandwa karibu na ikweta huwahi kuchanua yakiwa mafupi na hushikwa na magonjwa.

Bodi nayo ilikuwa na mizunguko yake. Mwaka 1977 na 1978 mavuno yalikuwa mengi hata ghala zikafurika, wakulima wakakataliwa mahindi yao au wakacheleweshewa malipo, na ziada ikauzwa nje. Walioumizwa na bei walipunguza ekari. Mwaka 1980 nchi ikaishiwa na kuanza kuagiza chakula kutoka ng'ambo. Serikali ikaandika sera ya kwanza ya chakula, Sessional Paper namba 4 ya 1981, na Bodi ya Nafaka na Mazao ya taifa, iliyotokana na kuunganishwa kwa bodi ya mahindi na ile ya ngano, ikatakiwa kuweka akiba ya taifa.

Kwa hiyo 1984 ilipofika, serikali ilikuwa imeshaumwa. Nalisema hili kwa heshima kamili: ilitenda mapema. Ethiopia, jirani wa kaskazini, mwaka huo huo ilikuwa na vifo vingi vilivyotikisa dunia. Nairobi haikusubiri kuombewa misaada. Bei ya chai ilikuwa nzuri, fedha za kigeni zilikuwapo, na mahindi ya kununua yaliagizwa yakawahi kutia nanga Mombasa kabla ya yale ya msaada kufika. Sehemu kubwa iliuzwa kupitia maduka na wafanyabiashara wa kawaida, na ya bure ikaelekezwa kwa wasio na uwezo. Njaa ya vifo vya halaiki haikutokea Kenya. Afisa aliyesukuma kazi hiyo ndani ya Ofisi ya Rais, Simeon Nyachae, anastahili sifa anayopewa.

Lakini kati ya kuona ukame mwezi wa Aprili na meli kufika kulikuwa na miezi, na miezi hiyo ndiyo iliyoipa njaa jina lake. Katika masoko ya Ukambani nafaka hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Mwaka wa kawaida muuzaji huujaza mpaka punje zinasimama kilima juu ya ukingo, na kile kilima ndicho urafiki. Uhaba ukianza, bei hubaki ile ile na kilima hupotea. Ukizidi, kitako cha mkebe hugongwa kikaingia ndani. Bei hupanda baada ya hapo. Upande wa pili wa soko, ng'ombe na mbuzi huletwa kwa wingi siku moja, wamekonda, na wanunuzi ni wachache. Anayeuza fahali leo anapata magunia machache kuliko aliyeuza mwezi uliopita. Mvuto huo wa pande mbili, mifugo ikishuka na nafaka ikipanda, ulimaliza mali za watu kabla haujamaliza miili yao.

Mahindi ya njano yalipofika, watu waliyanunua kwa shingo upande. Ladha yake haikuzoeleka, rangi yake iliwakumbusha chakula cha mifugo na mwaka wa Atta. Waliyala. Mvua za vuli za mwisho wa 1984 zilikuwa nzuri, na kwa waliobaki na mbegu au waliogawiwa, njaa iliisha mapema 1985.

Biashara ya nafaka kati ya nchi na nchi imeleta na mizigo mingine. Mdudu anayeitwa Scania huko Tanzania, na dumuzi kwa wengine, asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wataalamu wengi wanaamini aliingia ndani ya mahindi ya msaada. Mwaka 1983 alikuwa ameshafika Taveta. Hutoboa punje na gunzi pamoja, na mahindi yaliyofungwa juu ya jiko anaweza kuyageuza unga katika msimu mmoja.

Vizuizi vya mahindi barabarani vilipunguzwa hatua kwa hatua na kuondolewa kabisa mwishoni mwa 1993. Lori la Kitale likaweza kwenda Mwingi bila karatasi. Katumani nao walikuwa wametoa aina nyingine inayowahi zaidi, Dryland Composite 1, mwaka 1989. Ungetazamia kwamba mbegu bora na soko huru vingetosha.

Kisha ikaja 2004. Mahindi ya Makueni na Kitui yaliyokuwa yameteswa na ukame yalikuwa tayari na kuvu iletayo sumukuvu, kwa sababu mmea wenye kiu hauwezi kuizuia. Mvua zikanyesha wakati wa kuvuna. Kwa kuwa chakula kilikuwa haba na watu waliogopa wezi, wengi walivuna mapema na kuyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba walimolala, na kuvu ikaenea. Wagonjwa 317 walihesabiwa hadi Julai, wengi wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyojaa maji, 125 walikufa. Wachunguzi walipochukua sampuli za mahindi sokoni katika wilaya zilizoathirika, zaidi ya nusu zilivuka kiwango kinachoruhusiwa cha sumukuvu. Soko lililofunguliwa 1993 lilikuwa likisafirisha nafaka ile kutoka kijiji kimoja hadi kingine bila mtu kuipima.

Watu waliambiwa watupe mahindi yao, na serikali ikaleta mengine ya kula. Nyumba iliyotupa ghala yake ilitupa na mbegu yake. Mbegu ya mahindi inaweza kununuliwa dukani kwa aliye na pesa, lakini mbegu za kunde, mbaazi na mtama Ukambani hadi leo hutoka zaidi kwa jirani au kwa mama wa sokoni, anayejua zilivunwa shamba lipi na msimu upi. Hakuna kampuni iliyomshikia nafasi hiyo, na hakuna bajeti ya njaa inayomtaja. Misimu miwili ikikosa mvua, yeye ndiye wa kwanza kuishiwa, na wateja wake ni wale wale wasioweza kwenda dukani.